Kura ya posta Marekani: Bayyina iko wapi?



Ndugu msomaji, kadhia ninayoiandika wiki hii ni ya nchi ya watu, lakini inanihusu mimi binafsi, na ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuishika kalamu.

Mwezi Desemba 2020, katika darsa ninayosomesha baada ya Alasiri kwenye msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, tulikuwa tunazungumzia sifa za mashahidi. Siku zile kila simu ilikuwa imejaa video za uchaguzi wa Marekani wa tarehe 3 Novemba. Moja ilionyesha ukumbi wa kuhesabia kura mjini Atlanta, jimbo la Georgia, usiku, na wafanyakazi wakivuta masanduku kutoka chini ya meza. Maelezo yaliyoambatana nayo yalidai kuwa hizo ni kura bandia za posta, zilizofichwa mpaka mawakala walipoondoka ndipo zikatolewa. Mimi nikaona nimepata mfano. Nikawaambia wanafunzi wangu: "Hao ndio wanaotufundisha demokrasia. Mtazameni yule mama, anaiba kura kweupe!" Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Naam Ustadhi, haki imedhihiri." Nikarudi nyumbani nikiona darsa imefana.

Nilichokuwa nacho mkononi ni simu tu. Sikuwa na ushahidi wowote, na somo la siku ile lilikuwa ushahidi.

Kwa nini ilikuwa tamu kwangu? Niseme ukweli, maana wengi wetu tuna ugonjwa huu. Tumeona Iraq ikivamiwa mwaka 2003 kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Tumeona wakubwa wale wakizipima chaguzi za wengine kwa mizani ambayo wao wenyewe hawapandi. Tulikumbuka Florida mwaka 2000, George W. Bush aliposhinda jimbo zima kwa kura 537 na Mahakama Kuu ya nchi ikasimamisha kuhesabu upya. Basi aliyekuja na habari kwamba uchaguzi wao umeoza hakuulizwa ameipata wapi. Moyo ulishahukumu zamani, ulikuwa unatafuta shahidi tu. Na Allah (S.W.) katika Surat Al-Maida, aya ya 8, ametukataza chuki yetu kwa watu isitufanye tukaacha uadilifu. Aya ile niliihifadhi nikiwa mtoto chuoni.

Sasa tukiangalie kitu chenyewe, maana wengi wanakibishania bila kukijua. Hapa kwetu kura ya posta haipo. Mtu huenda kituoni kwake, jina lake likatafutwa katika daftari, akapewa karatasi, akaingia kwenye kituturi peke yake, akatumbukiza, mawakala wa vyama wakiwa wamekaa pale wanatazama. Marekani kila jimbo lina sheria zake. Oregon wananchi waliamua mwaka 1998 kwamba chaguzi zao ziwe za posta, na mwaka 2000 wakamchagua rais kwa njia hiyo. Utah, jimbo ambalo kwa kawaida humpa kura mgombea wa Republican, nalo liliendesha uchaguzi wa 2020 karibu wote kwa posta. Kwa hiyo anayesema bahasha ni mali ya chama kimoja hajafanya utafiti.

Binti wa dada yangu anaishi Minnesota. Alinieleza alivyopiga kura mwaka 2022: "Shikamoo mjomba. Karatasi inakuja nyumbani. Namwita jirani awe shahidi, namwonyesha kuwa haijaandikwa kitu. Kisha nageuka, najaza peke yangu asione, naitia kwenye bahasha ya kwanza isiyo na jina. Bahasha hiyo naitia katika nyingine, nasaini juu yake, na jirani anasaini kuwa ameshuhudia." Inapofika ofisini huhakikiwa ile bahasha ya nje kwanza. Ikikubaliwa, ya ndani hutolewa na kuchanganywa na wenzake, asijulikane nani kaandika nini. Nilipomsikiliza niliwaza Al-Baqara, aya ya 282, ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ambayo Mola wetu anatuamrisha deni liandikwe na mashahidi wasimamishwe. Binadamu akitaka amana isipotee kati ya mikono miwili, mwisho atarudi kwenye maandishi na mashahidi.

Mwaka 2016 kiasi cha asilimia 21 ya wapiga kura wa Marekani walitumia posta. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ikafika asilimia 43. Na hapo ndipo mgawanyiko wa kisiasa ulipoingia ndani ya bahasha. Rais Donald Trump, aliyekuwa anagombea tena, aliishambulia kura ya posta kwa miezi, ingawa yeye mwenyewe mwaka huo huo aliipiga kwa posta katika uchaguzi wa awali wa Florida. Wafuasi wake wengi wakaenda vituoni, wafuasi wa Joe Biden wengi wakatumia posta. Pennsylvania sheria ilikataza bahasha zisifunguliwe kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Matokeo yake, usiku ule zilianza kutangazwa kura za vituoni, Trump akaonekana mbele kwa kura nyingi, kisha siku zilizofuata bahasha zikafunguliwa na akaanza kushuka. Mtu aliyelala akiwa mshindi akaamka anashindwa, ataacha kusema ameibiwa? Lakini Florida, ambako sheria iliruhusu bahasha zishughulikiwe wiki kadhaa kabla, matokeo yalijulikana usiku ule ule, Trump akashinda, na hakuna aliyepiga kelele. Bahasha ni ile ile. Tofauti ni lini inafunguliwa.

Kwa upande mwingine, tusiwe mashabiki wa upande wa pili pia. Florida ya mwaka 2000 kulikuwa na kura za posta kutoka ng'ambo, nyingi za wanajeshi, baadhi hazikuwa na muhuri wa posta wa tarehe. Safari ile watu wa Republican ndio waliotaka zihesabiwe na watu wa Democrat ndio waliozitilia mashaka. Miaka 20 baadaye wakabadilishana viti. Fikihi ya namna hiyo tunaijua: mtu hutazama kwanza nani atafaidika, halafu ndipo anatafuta dalili. Wanazuoni wetu wana jina lake, wanaiita hawaa.

Tukirudi kwenye madai yenyewe, Uislamu una kanuni moja ambayo kila mwanafunzi wa fikihi anaijua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wapo ambao wangedai damu na mali za wenzao, kwa hiyo bayyina ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Hiyo ni kanuni ya kadhi, na mahakama za Marekani, bila kuisoma kwetu, ziliifuata hiyo hiyo. Kesi zaidi ya 60 zilifunguliwa na Trump na watu wake. Zilitupwa karibu zote, nyingine na majaji aliowateua yeye mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 2020 Mwanasheria Mkuu wake, William Barr, alisema hawakuona udanganyifu wa kiasi cha kubadili matokeo. Georgia, ambako Biden alishinda kwa kura 11,779, karatasi kiasi cha milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono, matokeo yakabaki yale yale. Arizona, maseneta wa Republican wa jimbo waliajiri kampuni yao ikakague kura upya. Mwezi Septemba 2021 kampuni ikaleta hesabu: Biden kaongezeka kura 99, Trump kapungua kura 261.

Husimuliwa, na wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, kwamba Sayyidna Ali (r.a.) akiwa khalifa aliiona deraya yake mikononi mwa mtu asiyekuwa Muislamu, wakaenda kwa Kadhi Shurayh. Deraya ilikuwa ya Ali kweli. Kadhi akamuuliza mashahidi. Ali akamleta mwanawe Hasan na mtumishi wake. Kadhi akamwambia ushahidi wa mtoto kwa baba yake haukubaliki. Khalifa akakosa kesi, akaridhika, akaondoka. Tafakari, ndugu yangu. Yule alikuwa na haki na akakosa ushahidi, akanyamaza. Wa Washington walikosa ushahidi, na tarehe 6 Januari 2021 watu wakavunja milango ya Bunge.

Lakini ningesimama hapa ningekuwa nimesema nusu, na nusu ndiyo iliyoniponza mwanzo. Je, kura ya posta haiibiwi? Inaibiwa. Ufaransa waliifuta mwaka 1975 kwa sababu ya wizi, hasa Corsica. Mwaka 2005 tume iliyoongozwa na Rais mstaafu Jimmy Carter wa Democrat na James Baker wa Republican iliandika kuwa kura za wasiofika vituoni ndizo zenye mwanya mkubwa zaidi wa udanganyifu. Na nitaleta mifano miwili.

Wa kwanza ni North Carolina, mwaka 2018, uchaguzi wa Bunge katika wilaya ya tisa. Mgombea wa Republican, Mark Harris, mchungaji wa Kibaptisti, aliongoza kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ya jimbo ikakataa kumthibitisha. Katika kaunti ya Bladen na jirani yake Robeson, fundi mmoja wa kampeni aliyeajiriwa upande wa Harris, McCrae Dowless, alikuwa amelipa watu wapite nyumba kwa nyumba wakakusanye bahasha za watu, jambo ambalo pale ni jinai. Nyingine zilichukuliwa hazijafungwa, nyingine zikajazwa na hao hao wakusanyaji. Maskini na wazee walimkabidhi mgeni bahasha zao mlangoni, wakidhani wanasaidiwa.

Mwezi Februari 2019 bodi ikakaa kusikiliza. Shahidi mmoja aliyeitwa alikuwa John Harris, mwendesha mashitaka wa serikali kuu, mtoto wa kuzaa wa mgombea. Akaeleza kwamba alishaona tangu uchaguzi wa awali wa 2016 kuwa kura za posta za Bladen hazina sura ya kweli, na kwamba alimwonya baba yake kwa simu na kwa barua pepe mwaka 2017 asimwajiri mtu yule. Baba alikuwa amekaa mle mle ukumbini, akalia. Siku ya pili mchungaji akasimama akasema uchaguzi urudiwe, na tarehe 21 Februari wajumbe wote watano wa bodi, wa vyama vyote viwili, wakaamua hivyo.

Surat An-Nisaa, aya ya 135, Allah (S.W.) anatuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wawili, au jamaa wa karibu. Mimi nimeisomesha aya hiyo mara nyingi. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikashuhudia dhidi ya baba yangu. Kijana wa Kikristo wa North Carolina alifanya, na sioni haya kusema kwamba alinisomesha aya yangu. (Niongeze pia kwamba baba yake aligombea tena akashinda ubunge mwaka 2024. Siasa ni siasa.)

Mfano wa pili unauma zaidi, kwa sababu ni wa kwetu. Birmingham, Uingereza, Juni 2004, uchaguzi wa madiwani, kata za Aston na Bordesley Green. Sheria ya nchi ile ilikuwa imelegezwa, yeyote akitaka anapewa kura ya posta bila kutoa sababu. Waliotangazwa washindi walikuwa madiwani sita wa chama cha Labour, wote Waislamu. Jaji Richard Mawrey alisikiliza kesi hiyo, na Aprili 2005 akatoa hukumu kuwa wizi wa kura za posta ulikuwa mkubwa na wa kupangwa, akautengua uchaguzi wa kata zote mbili. Bahasha zilikuwa zimechukuliwa, zimebadilishwa, nyingine zilikutwa usiku ndani ya ghala wakati polisi walipofika. Mmoja wa madiwani wa Aston alisafishwa baadaye na Mahakama ya Rufaa, na haki yake lazima aipate hata katika safu hii. Lakini wengine hukumu iliwabakia. Na miongoni mwa waliopeleka shauri mahakamani walikuwamo Waislamu wenzao, waliokataa kunyamaza eti kwa sababu ni ndugu.

Tulipopata habari ile kulikuwa na watu kwetu waliosema ni chuki dhidi ya Uislamu. Chuki ipo, wala siikatai. Ila Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, hakuuliza muuzaji ni wa kabila gani. Alisema anayetughushi si katika sisi.

Na kuna jambo ndani ya kadhia ya Birmingham ambalo magazeti yalipita haraka, mimi nataka nikae nalo. Bahasha tano zinapofika nyumba moja, ya baba, mama, mabinti wawili na bibi, nani anazijaza? Katika kituo cha kupigia kura kituturi kina pazia. Mume akiwa mkali namna gani, haingii. Lakini meza ya chakula haina pazia. Baba anakusanya zote, anaweka alama, anawaambia wanawe saini hapa. Anaona ni wajibu wake, yeye si ndiye msimamizi wa nyumba? Nimeshaulizwa swali hili na ndugu aliyeko Uingereza, tena kwa nia njema kabisa: "Ustadhi, si mimi ndiye kiongozi wa nyumba?"

Nikamjibu asome Surat Al-Mumtahina, aya ya 12. Wanawake walioamini walipokuja kutoa bai'a, Allah alimwamrisha Mtume wake aipokee bai'a yao wao wenyewe. Hawakuletewa na waume zao. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipofariki akawaachia shura watu sita, Abdurrahman bin Auf alizunguka Madina akiwauliza watu maoni, na wapokezi wa tarehe wanataja kwamba hata wanawake waliokuwa majumbani aliwauliza. Sasa wewe unayejaza bahasha ya mkeo umetumia dalili ipi? Huo ni ushahidi wake, umeutoa wewe kwa jina lake, ukamwambia asaini. Akanyamaza kwa kukuogopa. Kwangu mimi hiyo ni dhulma, na waliyoiita msaada kule Bladen haikuwa mbali nayo.

Uingereza ilirekebisha. Sheria ya 2006 ikadai saini na tarehe ya kuzaliwa kwa kila kura ya posta. Marekani bado wanagombana. Machi 2025 Trump, aliyerudi Ikulu, alitia saini amri ya kubana kura hizo, mahakama zikazuia baadhi ya vipengele, na Agosti 2025 akasema ataongoza harakati za kuiondoa kabisa kura ya posta. Uchovu wa kubishana hawana. Na ninapowaona ndugu wa damu hawakai meza moja siku ya sikukuu kwa sababu ya chama, siwacheki tena. Mimi nimezaliwa Pemba. Baada ya uchaguzi wa 1995 niliona watu wa chama hiki hawanunui duka la mtu wa chama kile, hawahudhurii harusi zao, na, astaghfirullah, hawazikani. Misikiti ikagawanyika. Watu wanaoelekea kibla kimoja! Ilichukua mpaka maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 ndipo watu wakaanza kusalimiana njiani.

Nimalizie na video yangu. Wachunguzi wa Georgia waliitazama picha nzima ya usiku ule, si kile kipande tulichotumiwa. Masanduku yale yalikuwa ya kawaida, yenye kura halali, yaliwekwa chini ya meza mawakala wakiwapo, wafanyakazi wakidhani wanafunga kazi, kisha wakaambiwa waendelee. Juni 2023 bodi ya uchaguzi ya jimbo ikafunga jalada kwa kuwa madai hayakuwa na msingi. Yule mama niliyemwita mwizi alikuwa kazini pamoja na binti yake. Walitishiwa kuuawa, mama akalazimika kuhama nyumba yake. Desemba 2023 mahakama iliamuru wakili Rudy Giuliani, mmoja wa walioueneza uongo ule, awalipe dola milioni 148. Mimi hakuna aliyenishitaki. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuichunguze habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukajuta.

Nilimuuliza sheikh wangu toba ya jambo hili ikoje, maana yule mama yuko Georgia na mimi niko Dar es Salaam, hanijui. Akaniambia nitazame Al-Baqara, aya ya 160: wanaotubu, wakarekebisha, wakabainisha. "Uliyemwambia uongo ndiye umwambie ukweli," alisema, "mmoja mmoja."

Basi nilikaa na karatasi nikaandika majina ya waliokuwapo darsani siku ile, kadiri ya kumbukumbu yangu. Walikuwa 23. Wengi niliwapata pale pale msikitini, baadhi walishangaa nahangaika na nini. Mmoja alikasirika, akasema nimekuwa wakili wa Wamarekani, hajarudi darsani mpaka leo. Yule mzee aliyesema haki imedhihiri alifariki mwaka 2021, Allah amrehemu, hakunisikia. Amebaki mmoja. Alihamia Maskati kufanya kazi, na namba niliyopewa na kaka yake naipiga kila Ijumaa, haipatikani.